KUWALIPIZA WATUMAO BARUA ZA ULAGHAI: YAJUZU MPAKA WAPI?

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu wasomaji, miezi michache iliyopita, katika darsa yetu ya hapa Voi baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliniuliza suala ambalo nililijibu kwa maneno machache kisha nikapita. Jawabu langu lilikuwa na upungufu, na upungufu ule ukamletea madhara mtu asiyekuwa na kosa lolote. Kwa hivyo makala haya ni somo, na tena ni kukiri kosa. Nililikosea mbele ya watu, na kulisahihisha kwanipasa kuwe mbele ya watu.

Suala lenyewe lilikuwa hili. Kijana alisema: "Sheikh, hawa watu watuleteao barua pepe za uwongo na ujumbe wa simu wa kutuibia, je, yafaa nasi tuwarudishie? Tuwajazie barua mpaka mitambo yao ishindwe, tuyatangaze majina yao, tuwaharibie kama wanavyotuharibia?" Nikamsomea aya ya 41 ya Suratu Shura, ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa hana njia ya kulaumiwa. Vijana wakafurahi. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikafurahi kwa furaha yao, wala sikumuuliza ni nani aliyemdhulumu, wala ataka kumfanya nini.

Sababu ya suala ilikuwa mamake. Mama huyu huuza mahamri na viazi karibu na kituo cha magari. Siku moja alikuwa anangoja kuambiwa na mwenye nyumba namba ya kupelekea kodi, mara ukaingia ujumbe katika simu yake: ile pesa itume kwa namba hii. Yeye akadhani ni yule mwenye nyumba. Akatuma shilingi 7,500, na jawabu la M-Pesa likaja na jina la mtu asiyemjua. Alipoipigia namba ile, simu ilikuwa imezimwa. Yeyote asomaye makala haya ameupata ujumbe wa namna hii, au ndugu yake ameupata. Wadanganyifu hawa hawamjui mama yule wala kodi yake. Huutupa ujumbe kwa watu maelfu kama mvuvi atupavyo wavu, na katika maelfu hakosekani mmoja ambaye saa ile ile alikuwa na pesa ya kutuma.

Kabla ya kusema hukumu yataka tuijue khabari yenyewe, kwa maana wanavyuoni wametufunza kwamba kukihukumu kitu hufuata kukifahamu. Barua ambazo mtu huletewa pasina kuziomba hazikuanza jana. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, mtu mmoja aitwaye Gary Thuerk, aliyekuwa akiiuzia kampuni yake kompyuta, aliwapelekea watu kadiri ya 400 tangazo moja kwa mpigo, hali ya kuwa hakuna hata mmoja aliyemtaka awaletee. Wengi walikasirika. Leo barua za namna ile zahesabiwa kwa mabilioni kila siku, nazo si za daraja moja. Iko ya mfanyaji biashara asumbuaye tu: ataka ununue kiwanja, ataka ucheze kamari (na kamari ni haramu, hata akiipamba kwa picha za wachezaji mpira). Na iko ya mwizi khasa: umeshinda zawadi, umeachiwa urithi na tajiri aliyekufa bila mtoto, au "nimekosea nikakutumia pesa, tafadhali nirudishie", na pesa yenyewe haikuja.

Hata yule wa daraja ya kwanza, asiyeiba, sheria yetu haimpi ruhusa. Mwenyezi Mungu katika Suratu Nur, aya ya 27, amewakataza waumini wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka watake idhini na wawasalimu wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) amefunza kuwa mtu akitaka idhini mara tatu asijibiwe, na arudi. Sanduku la barua la mtu na simu yake ni katika sitara yake. Huyu hapigi hodi hata mara moja. Aingia, na ukimwambia toka huingia kwa dirisha jengine. Basi msumbufu huyu ni mkosa, na mwizi ni mkosa zaidi. Katika hilo hakuna khitilafu.

Khitilafu iko katika kulipiza. Wako watu wadhanio kuwa dini yamtaka Mwislamu aliyedhulumiwa akae kama jiwe, na huko si kuijua dini. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume (S.A.W.), na Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi. Akamwambia kuwa lau angalijua kwamba amchungulia angalimchoma nacho jichoni, na kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Tena imepokewa kwa Abu Hurayra kuwa mwenye kuchungulia watu bila idhini, wakamtupia kijiwe wakamtoa jicho, hawana dhambi. Na madh-hab yetu ya Imam Shafi imelichukua jambo hili kwa dhahiri yake. Kwa hivyo nisifahamike kuwa nasema mwenye kuingiliwa hana haki.

Lakini tazameni jinsi mafaqihi walivyoifunga haki hiyo. Wamesema atupiwe kitu chepesi, mfano wa kijiwe, si jiwe la kuua. Wamesema awe amekusudia kuchungulia, si mpita njia ambaye jicho lake limeangukia mlango ulioachwa wazi. Na wamesema atupiwe wakati yuko pale tunduni. Akisha kuondoka, umekwisha wakati wako, na ukimfuata njiani ukamtoa jicho basi wewe ndiwe mkosa. Zaidi ya yote, kijiwe kimpate yeye. Hakuna faqihi hata mmoja aliyesema kuwa mtu akichunguliwa na asiyemjua, basi na atupe mawe mtaani kwa kubahatisha.

Na katika mlango wa kumzuia mshambuliaji, Imam Nawawi katika Minhaj amepanga mambo kwa ngazi: ikiwa mshambuliaji aweza kuzuiliwa kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa kuomba msaada, ni haramu kumpiga, akizuilika kwa mkono, ni haramu kumpiga kwa mjeledi, na vivyo hivyo kupanda. Sasa jiulizeni: ujumbe wa mwizi wa simu huzuilika kwa nini? Huzuilika kwa kutojibiwa. Kwa kidole kimoja ujumbe umefutwa na namba imefungiwa mlango. Basi kwa wakati ule wa kushambuliwa, ngazi ya chini kabisa yatosha, na mwenye kuiruka akenda ngazi za juu hana hoja ya kujitetea. Kilichobaki ni kutaka haki baada ya madhara kwisha kutokea, na huo ni mlango mwengine.

Katika mlango huo Mwenyezi Mungu amesema nasi mara kadha wa kadha. Katika Suratul Baqara, aya ya 194, ameruhusu kumrudishia mwenye kuchupa mipaka kwa mfano wa alivyofanya, kisha papo hapo ameamrisha kumcha Mungu. Katika Suratu Nahl, aya ya 126, ameruhusu kuadhibu kwa kadiri ya mlivyoadhibiwa, kisha akasema kuwa kusubiri ni bora. Na katika Suratu Shura ile ile niliyowasomea vijana, aya ya 40, iliyo nyuma ya niliyoisoma, yasema kuwa malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, na yamsifu mwenye kusamehe akasuluhisha. Na ya 43, iliyo mbele yake, yasifu subira na msamaha. Mimi nilisoma ya kati nikaiacha ya nyuma na ya mbele. Na juu ya hizo zote iko aya ya 164 ya Suratul An-am, kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwengine. Hii ndiyo nguzo ya mas-ala yetu, kwa sababu katika mambo ya barua hizi mwenye kupatwa na kijiwe mara nyingi siye aliyechungulia.

Haya hayakosi ushahidi. Mwezi wa Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona huko Marekani, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walitawanya tangazo katika maelfu ya mabaraza ya mazungumzo ya mtandao, wakijitolea kwa ujira kuwasaidia watu kuingia katika bahati nasibu ya ruhusa ya kukaa Marekani. (Bahati nasibu hii twaijua sisi, wako wadanganyifu waliokuwa wakiwatoza watu pesa kwa fomu ambayo kuijaza kulikuwa bure mpaka mwaka 2025.) Watu walikasirika, wakawarudishia barua kwa wingi hata mitambo ya kampuni iliyowaunganisha na mtandao ikaanguka mara baada ya mara. Sasa, mitambo ile ilikuwa ya nani? Haikuwa ya mawakili wale. Ilikuwa ya kampuni iliyowakodisha njia tu, na wateja wengine wa kampuni ile, wasiokuwa na habari, nao wakakosa barua zao. Ama mawakili, walijisifu kuwa wamepata faida, kisha wakatunga kitabu cha kuwafunza wengine kufanya kama wao.

Tena mwezi wa Januari 1997, bwana mmoja Mmarekani, Joe Doll, aliyekuwa na mahali pake mtandaoni ambapo watu waliweza kuweka kurasa zao bure, alimfukuza mtu mmoja kwa sababu ya kutawanya matangazo. Yule aliyefukuzwa akatuma barua nyingi mno akizitia jina la Joe, kana kwamba yeye ndiye mwenye kuzituma. Waliozipokea hawakuuliza, wakamshambulia Joe mpaka mahali pake pakazimika. Tazama hila ya mwizi: hakumpiga adui yake kwa mkono wake, bali aliwatumia watu wema wenye hasira. Alijua kuwa wao hawatachunguza. Nasi tunasoma katika Suratul Hujurat, aya ya 6, amri ya kuhakikisha khabari ailetayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukawa wenye kujuta. Jina lililo juu ya barua ya mwizi ni khabari iliyoletwa na fasiki. Laiti ningalisema maneno haya usiku ule.

Wako waliotaka kuifanya kazi hii kwa mpango mkubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Lycos Europe iliwapa watu programu ya kuzielemea kompyuta za watumaji barua taka ili ziende polepole, na watu zaidi ya 100,000 wakaichukua. Haikupita wiki nyingi, mapema Desemba, kampuni yenyewe ikaiacha, kwa lawama zilizoiangukia. Mwaka 2006 kampuni ya Israili, Blue Security, iliyokuwa na wafuasi kadiri ya nusu milioni, iliwajibu watumaji barua kwa malalamiko mengi ya mpigo mmoja. Mtumaji mmoja mkubwa akawageukia kwa vita mwezi wa Mei. Na kampuni ilipoyaelekeza mafuriko yale upande mwengine, kurasa za watu wengi wasiohusika zikazama pamoja nayo. Kampuni ikafunga kazi ile mwezi huo huo.

Na jambo la kuzidi kulifahamu ni kuwa barua taka nyingi hazitoki katika kompyuta ya mwizi. Mwizi huingiza programu ya siri katika kompyuta za watu wengine, ya afisi moja Taveta, ya mwanafunzi wa Wundanyi, ya daktari wa nchi ya mbali, nazo zikawa zatumika usiku na mchana kutuma barua, na wenyewe hawajui ila waona tu kuwa kompyuta imekuwa nzito. Ukiishambulia kompyuta ile umemshambulia aliyeibiwa kama wewe. Mwizi aliyemwiba punda wa jirani yako akaja naye kukuibia mahindi, ukimkata miguu punda, umemlipiza nani?

Sasa narejea Voi. Vijana wa darsa yetu walilichukua jina lililotokea katika jawabu la M-Pesa wakalitia katika makundi ya WhatsApp pamoja na maneno makali. Haikupita siku mbili akatokea mtu akasema: huyu namjua, ni bibi mmoja auzaye nyanya na ndizi upande wa Mwatate. Ikatiwa na picha yake. Watu wakaacha kununua kwake. Kisha vijana wawili, si wa darsa yetu lakini walisoma maneno ya darsa yetu, wakenda kwa bodaboda wakampindulia makapu yake mbele ya watu, na nyanya zikakanyagwa. Bibi yule alikuwa hana habari ya pesa wala ya ujumbe. Simu yake ni ya vibonyezo, na kusoma hajui.

Ilipochunguzwa, kwa kupiga *106# ambayo humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, zikaonekana laini mbili ambazo bibi hazijui. Akakumbuka kuwa siku moja walipita sokoni watu wakisajili laini, wakakichukua kitambulisho chake wakakaa nacho kitambo, wakamwambia mtambo umekataa, hebu tufanye tena. Hiyo ndiyo siku aliyoibiwa jina. Pesa ya mama wa kijana ilipita kwa jina la bibi yule kama maji yapitavyo katika mfereji, na mfereji haukunywa hata tone.

Nilipopata khabari hii sikulala. Asubuhi, mimi na yule kijana na wenziwe watatu tulipanda matatu mpaka Mwatate. Kijana alitaka kusema njiani, nikamwambia: "Mwanangu, nyamaza, mimi ndiye wa kusema kwanza." Bibi yule si Mwislamu, na watu wa pale sokoni walituangalia kwa jicho la kuuliza kanzu zile zataka nini. Nikamwambia: "Bibi, hawa vijana wamekukosea, na mimi niliyewafunza nimekukosea kabla yao." Vijana walimlipa thamani ya nyanya kwa pesa zao. Ama heshima, hiyo hailipwi kwa shilingi. Wakamwomba ruhusa wakasimama pale pale sokoni, wakatangaza kuwa hana kosa, na wakayaandika hayo katika makundi yale yale waliyomtukania. Hiyo ni sharti ya toba katika haki za binadamu: kumrudishia mwenye haki haki yake, tena mahali ulipoivunjia. Bibi alisema maneno machache tu: "Hao wengine wawili je, watakuja?" Mpaka leo hawajaja.

Nina neno pia juu ya wale walionijia baadaye wakitaka tuwasomee wezi Halbadiri. Mazoea haya ya pwani nayajua tangu utotoni: mtu akiibiwa kuku, husomwa majina ya watu wa Badri ili aliyeiba afure au awe mwehu. Mimi sioni kuwa Mtume (S.A.W.) wala masahaba, nao ndio watu wa Badri wenyewe, walifanya hivyo. Na madhara yake ni yale yale tuliyoyaona: akiugua mtu yeyote mtaani baada ya kisomo, watu husema ndiye mwizi. Maradhi yamekuwa hukumu! Aliyedhulumiwa na amuombe Mola wake kwa ulimi wake, kwani katika wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Muadh alipomtuma Yemen mna kuwa dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Hahitaji kafara ya mbuzi, wala mimi kunilipa ubani. Ama kwenda kwa mganga, hilo hata lisijadiliwe.

Baadhi ya vijana waliuliza: yafaaje kumlaghai mlaghai? Yaani mtu ajifanye amekubali, amzungushe mwizi kwa siku nzima, apoteze wakati wake ili asimwibie mwengine. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako waliolifanya jambo hili ni mchezo na wachekesha watu nalo. Mimi naona kumchelewesha kwa kumuuliza maswali hakuna ubaya, lakini uwongo na ahadi za kuvunja sizihalalishi, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha kumrudishia amana aliyekuamini na kutomfanyia khiyana aliyekufanyia khiyana, na hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Tena nawaonya kwa jambo la kidunia: wezi hawa kazi yao ni maneno, wewe kazi yako ni duka au shamba. Nimemwona mtu aliyeanza kwa kumcheka mwizi akaisha kwa kumpa namba yake ya siri.

Na mwengine aliuliza juu ya kuchukua mali ya mwizi ikipatikana njia. Hapa madh-hab yetu ina upana. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Hind binti Utba achukue katika mali ya mumewe Abu Sufyan kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema, kwa kuwa alikuwa hampi ya kutosha, na Mashafi wametoa katika hadithi hii ruhusa ya mwenye haki kuichukua haki yake asipoweza kuipata kwa njia nyengine, na maimamu wengine wamekhitalifu. Lakini Hind alimjua aliyemnyima, na aliijua haki yake. Pesa iliyomo katika simu ya mwizi ni ya watu mia, haijulikani ipi ni yako. Na kuingia katika simu au kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa katika sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta, adhabu yake faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au zote mbili. Kadhi hawezi kukutetea kwa hadithi ya Hind.

Basi aliyeibiwa afanye nini? Apige ukelele, ndiyo ngazi aliyoitaja Nawawi, na ukelele wa leo una mahali pake. Mwenye laini ya Safaricom aupeleke ujumbe wa ulaghai kwa namba 333. Aliyetuma pesa kwa makosa aupeleke upesi ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 aombe irudishwe, kwani kila dakika ipitayo mwizi aitoa. Kisha aende polisi aandikishe, hata kama pesa ni kidogo, kwa maana mashtaka madogo mia moja huonyesha njia moja ya mwizi. Na asumbuliwaye na matangazo ya biashara ambayo hakuyaomba ana haki ya kumshtaki mwenye kuyatuma kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya mwaka 2019. Watu husema haya hayafai kitu. Wakati mwengine ni kweli hayafai, nami sitawadanganya. Lakini pigo kubwa mno lililowahi kuwapata watumaji barua taka halikupigwa na wenye hasira. Tarehe 11 Novemba 2008, kampuni ya McColo ya San Jose, California, ambayo mitambo yake ndiyo iliyokuwa ikiziongoza kompyuta nyingi zilizotekwa, ilikatiwa njia na makampuni yaliyoiunganisha, baada ya mwandishi wa gazeti la Washington Post, Brian Krebs, kuwapelekea ushahidi. Barua taka za dunia nzima zikapungua kwa kadiri ya thuluthi mbili kwa muda. Ushahidi ulipelekwa kwa mwenye uwezo wa kukata, naye akakata palipostahiki.

Jambo jengine litupasalo ni kuacha kuwaonea haya walioibiwa. Mama yule alikaa siku nne asimwambie mwanawe, akiogopa kuitwa mjinga. Lau angalisema saa ile, huenda pesa ingalizuiliwa. Na mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa sana na polisi kwa wezi wa simu waliokamatwa huko, basi sasa watu hapa wakimsikia mtu atoka Mulot humtenga. Je, sisi Waislamu hatujui uchungu wa kuhukumiwa kwa makosa ya wachache?

Wala tusiwe twalalamika juu ya barua za watu nasi tunazo zetu. Ni nani miongoni mwetu asiyeletewa ule wasia wa "Sheikh Ahmad mlinzi wa kaburi la Mtume", kwamba ameota ndoto, na asiyewapelekea watu kadhaa atapata msiba? Waraka huu ulikuwa ukinakiliwa kwa mkono kabla ya simu kufika kwetu. Sheikh Rashid Rida wa Misri aliupinga, na Sheikh Bin Baz wa Saudia akaupinga baada yake, na bado Ijumaa iliyopita nimeletewa mara tatu, moja na mtu wa safu ya kwanza msikitini. Huo nao ni uwongo, unaingia bila hodi, na unamzulia Mtume (S.A.W.). Kuuzuia kwako hakuhitaji polisi.

Shilingi 7,500 hazijarudi. Mwenye nyumba amempa mama yule muda wa miezi mitatu, na wanadarsa wamemchangia sehemu. Laini zile mbili zimefungwa, na bibi wa Mwatate amerudi sokoni mahali pake pale pale. Wale vijana wawili wa bodaboda twawaomba, kama wausoma ukurasa huu, waende. Na yeyote aliyelisikia jawabu langu la kwanza akalichukua kama lilivyo, na aliache, na amfikishie haya aliyemfikishia lile.

Wallahu aalam.